Mustari, nukta, umbo na rangi: namna wankambo waliandika bila herufi



Katika masomo ya sekondari kuko saa ya kuchora. Kitabu kinafundisha kwamba sanaa ya macho iko na vitu vya musingi: nukta, mustari, umbo, rangi, uso wa kitu (kama ni laini ao kiko na mikwaruzo), na nafasi inayobaki kati ya kitu na kitu. Kisha kitabu kinaleta mifano: nguzo za Wagiriki, sanamu za Waroma, picha za Waitalia. Mwanafunzi ananakili, anajibu egzameni, anapata pointi zake. Lakini anatoka pale na wazo moja baya ndani ya kichwa: eti elimu ya mustari na rangi ilifika pamoja na wazungu, na wankambo wetu walikuwa wanapamba tu, bila kuwaza. Ikifika saa ya historia, wazo hilo linazaa lingine. Mara ngapi nimesikia darasani: «Mwalimu, bankambo abakuyua kuandika. Sasa historia yabo tutaiyua namna gani?»

Ulizo hilo ni zuri, na linaomba jibu la kweli, si jibu la kujisifu. Jibu letu katika kurasa hizi ni hili: katika inchi yetu ya Kongo, zamani za kale, nukta, mustari, umbo na rangi vilikuwa na kazi. Vilihesabu, vilitunza majina ya wafalme, vilionyesha bei ya kitu, vilitofautisha amani na vita. Lakini maandiko ya namna hii yanaishi tu kama kuko mutu wa kuyasoma. Yule akikufa bila kufundisha mwingine, kitu kinabaki na neno linaondoka. Njo hatari iko mbele yetu leo.

Tutaenda pole pole, kitu kimoja kimoja, sawa vile tunafanya darasani.

1. MUSTARI NA NAFASI

Mustari ni kitu cha kwanza mutoto anachora mu udongo kwa kijiti. Ni kitu cha kwanza pia tunakutana nacho katika historia ya inchi yetu.

Kule mashariki, pale muto Semliki unatoka mu ziwa Edouard, kuko fasi inaitwa Ishango. Leo iko ndani ya Parke ya Virunga. Mwaka wa 1950 mutaalamu Mubelgiji Jean de Heinzelin alichimbua pale na akapata mufupa mudogo, urefu wake karibu sentimetre 10, wenye kipande cha jiwe la kwarzi ku ncha. Wataalamu wanaupatia umri wa miaka karibu 20.000. Juu ya mufupa ule mutu alikata mistari mifupi mifupi katika safu 3. Safu moja iko na mafungu ya mikato 11, 13, 17 na 19. Ingine iko na 11, 21, 19 na 9. Ya tatu iko na 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Musomaji ajumlishe mwenyewe: safu ya kwanza inatoa 60, ya pili inatoa 60, ya tatu inatoa 48.

Wataalamu hawapatane juu ya maana yake. Wengine wanasema ni muchezo wa hesabu, wengine wanasema ni kuhesabu siku za mwezi, kuko hata wenye kusema mikato ilikuwa ya kusaidia mukono kushika muzuri. Siye tuangalie kitu kinachoonekana kwa macho. Mikato haikutupwa ovyo, imewekwa mafungu mafungu, na kati ya fungu na fungu kuko nafasi. Nafasi ile inafanya kazi sawa na mustari wenyewe. Bila nafasi, 11 na 13 vingechangana na hesabu isingesomeka. Kitabu cha shule kinaandika «mustari» na «nafasi» katika somo la kwanza la kuchora. Mutu wa Ishango alikuwa anatumia vyote viwili zamani sana mbele ya Wagiriki na Waroma. Mufupa wenyewe unatunzwa Bruxelles, katika Taasisi ya kifalme ya Sayansi za Asili.

Mistari haikubaki ku mifupa tu. Hapa kwetu Katanga kuko pango la Kiantapo, lenye alama zilizokatwa na nukta zilizotobolewa ku mawe. Padri Mufaransa Henri Breuil, aliyejulikana sana kwa kuchunguza mapango ya kale, aliandika kitabu juu yake katika mwaka wa 1952. Kule magharibi, mu Kongo Central, kuko milima ya mawe ya Lovo, yenye michoro mingi sana ya rangi nyekundu na nyeusi. Makala yaliyotumiwa kuchora katika pango moja la kule yalipimwa, na ikaonekana michoro ile ni ya kati ya karne ya 15 na karne ya 18. Ni wakati ule ule ufalme wa Kongo ulikuwa na nguvu.

2. NUKTA

Nukta ni ndogo kuliko vitu vyote, lakini wankambo waliipatia kazi kubwa. Tuangalie mifano miwili.

Mufano wa kwanza ni wa Batshokwe, wanaokaa upande wa Lualaba, upande wa Kwango, na ngambo ya mupaka katika Angola na Zambia. Wazee wao walikuwa na michoro ya ku muchanga inayoitwa sona (moja ni lusona). Muzee anasafisha muchanga kwa mukono. Kiisha anatia nukta kwa ncha za vidole, katika safu zilizo sawa, nafasi sawa. Kisha kidole kinaanza safari: kinachora mustari unaozunguka nukta zile, na mara nyingi mustari ni mumoja tu, unaopita pote na kurudia pale ulianzia bila kidole kuinuka. Wakati kidole kinatembea, kinywa kinasimulia: habari ya nyama wa pori, ya safari, ya mwanzo wa dunia, mezali, ao fundisho la vijana walio katika jando. Mwenye kusita katikati ya mustari, watu wanamucheka. Wenye kujua kazi hiyo waliitwa akwa kuta sona. Paulus Gerdes, mwalimu wa hesabu katika Musumbiji aliyekufa mwaka wa 2014, aliandika vitabu vingi kuonyesha kwamba ndani ya sona kuko kanuni za hesabu za kweli: ukijua idadi ya nukta ku urefu na ku upana, unaweza kujua mbele ya kuanza ni mistari mingapi itaomba ili kumaliza muchoro.

Mufano wa pili ni wa Baluba. Katika ufalme wa Baluba kulikuwa shirika linaloitwa Mbudye, lenye kazi ya kutunza ukumbusho wa ufalme. Chombo chao kilikuwa lukasa: kibao cha muti kinachoenea mu mukono, chembamba katikati na kipana huku na huku. Juu yake kuko shanga, kauri, misumari ao alama za kuchonga. Mwenye elimu anashika kibao kwa mukono wa kushoto, na kwa kidole cha mukono wa kuume anagusa ushanga mumoja kisha mwingine, huku anasimulia ao anaimba. Ushanga mukubwa uliozungukwa na midogo unaweza kuwa mufalme na watu wake. Safu ya shanga inaweza kuwa njia ya safari. Mara nyingi mugongo wa kibao unachongwa sawa vile mugongo wa kobe, alama ya shirika lenyewe. Wenye daraja la juu waliitwa bana balute, maana yake watu wa ukumbusho.

Hapa inaomba kuangalia muzuri, kusudi tusidanganye watoto. Lukasa si alfabeti. Ushanga mumoja si herufi moja. Kibao kile kile, wasomaji wawili wangeweza kukisoma kwa namna mbili, kufuatana na mahali walipo na jambo linalozungumuzwa. Hata vile, si mapambo. Ni sawa na ramani na kitabu cha ukoo vikiwekwa pamoja, na ufunguo wake uko ndani ya kichwa cha mutu aliyefundishwa miaka mingi.

Tuseme neno pia juu ya uso wa kitu, kwa sababu unaenda pamoja na nukta. Lukasa inasomwa kwa kidole sawa vile inasomwa kwa macho. Zamani wanamuke wa Kiluba walikuwa na chanjo ku mwili zinazoitwa ntapo, nukta na mistari iliyoinuka juu ya ngozi. Wachongaji walizitia vilevile juu ya viti vya wafalme, vile vinavyobebwa na sura ya mwanamuke. Kwa hiyo kiti kile kilisomwa kwa macho na kwa mukono.

Lugha zetu zenyewe zinashuhudia. Kwa Kikongo kuandika ni sonika, na kwa Kitshokwe ni kusoneka, neno lililo karibu kabisa na sona. Kwa Kibemba kulemba ni kuandika, lakini ni kuchora pia. Shule ilipofika, watu hawakuhitaji kuazima neno jipya juu ya kalamu. Neno lilikuwa tayari, lilikuwa linafanya kazi ku muchanga, ku chungu na ku mwili.

3. UMBO

Umbo ni ule mupaka wa inje wa kitu: muviringo, pembe tatu, musalaba. Mufano wetu utatoka katika udongo wa Katanga.

Kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, wataalamu walichimbua makaburi ya kale. Kazi ilianza pale Sanga katika mwaka wa 1957 na 1958, na Jacques Nenquin na Jean Hiernaux. Pierre de Maret akaiendelesha tangu miaka ya 1970. Makaburi yanaonyesha kwamba watu waliishi pale, kizazi baada ya kizazi, tangu zaidi ya miaka 1.000. Walizikwa pamoja na vyungu vya namna nyingi vilivyotiwa mistari, vyombo vya chuma, mikufu ya shaba. Hata kauri za bahari ya Hindi zilifika kule, ishara kwamba biashara ilikuwa inapita mukono kwa mukono toka mbali.

Tangu karne ya 14 hivi, kitu kingine kinaonekana zaidi sana katika makaburi: musalaba mudogo wa shaba. Tusichanganye na musalaba wa Wakristo, kwa sababu hakuna misionere aliyekuwa amefika huku. Umbo hilo lilitoka mu kazi ya wafua shaba: walimimina mukuba ulioyeyuka ndani ya kalibu lenye mikono 4. Mwanzoni misalaba ilikuwa mikubwa na haikuwa sawasawa. Miaka ikipita, ikawa midogo, mingi, na yenye kufanana. Wataalamu wanaeleza hivi: kitu kinapokuwa kidogo, kingi na cha kipimo kimoja, kinaanza kuwa feza. Umbo njo lilikuwa muhuri. Muuzaji hakuhitaji kusoma namba. Aliona umbo, alipima kwa mukono, alijua bei.

Umbo hilo halikukufa. Katanga ilipojitangaza kuwa inchi ya pekee katika mwaka wa 1960, bendera yake ilitiwa misalaba 3 ya shaba. Mutu anaweza kuwa na mawazo yake juu ya siasa ya wakati ule, na hapa si fasi ya kuizungumuzia. Siye tunaangalia jambo hili tu: wenye kutafuta alama ambayo kila mutu ataielewa mara moja walirudia umbo la wafua shaba wa kale.

4. RANGI

Katika fasi nyingi za Kongo ya zamani kulikuwa rangi 3 kubwa: nyeupe, nyekundu na nyeusi. Hazikununuliwa mu duka. Nyeupe ilitoka ku udongo wa pemba. Nyekundu ilitoka ku unga wa muti unaoitwa nkula. Nyeusi ilitoka ku makala na ku matope ya mabwawa. Kila moja ilikuwa na maana, na maana ile ilijulikana na wote.

Kwa Baluba, pemba ni rangi ya roho, ya mwezi, ya baraka. Mutu aliyepakwa pemba, watu walijua kuko jambo la heri ao jambo la wankambo. Nyekundu inapelekea mawazo ku damu, ku nguvu, na pia ku hatari. Angalieni habari ya mwanzo wa ufalme wenyewe. Mufalme wa kwanza, Nkongolo, anasimuliwa kuwa mutu mwekundu, mukali, mulevi, mwenye kuua. Kisha anafika muwindaji toka mashariki, Mbidi Kiluwe, mutu mweusi mwenye kung'aa, mupole, mwenye adabu ya kula na kusema. Mbidi anazaa mutoto na dada ya Nkongolo, na mutoto yule, Kalala Ilunga, anakuja kushinda mujomba wake na kuanzisha utawala mupya. Wenye kusimulia hawakusema tu «huyu alikuwa mubaya, huyu alikuwa muzuri». Walitumia rangi, na mutoto aliyesikia habari ile mara moja hakuisahau tena.

Majirani wao, Basongye, walitumia rangi kwa amri. Maske yao inaitwa kifwebe, na uso wake wote umejaa mistari iliyochongwa, inayofuatana sambamba. Kifwebe ya kiume iko na rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, na iko na kishungi ku paji la uso. Kishungi kikiwa kirefu, nguvu ya maske nayo ni kubwa. Kifwebe ya kike ni nyeupe zaidi, na haiko na kishungi kirefu vile. Ya kiume ilitisha na kuazibu, ya kike ilituliza. Kwa hiyo mutu aliye mbali, mbele hata ya kusikia neno moja, alijua kama inaomba kukimbia ao kubaki. Mustari, umbo na rangi vilikuwa vinasema pamoja.

5. KUPANGA VYOTE PAMOJA: KAZI YA BAKUBA

Kama kuko watu waliofikisha kazi hii mbali sana, ni Bakuba wa Kasai, wenye muji wao mukubwa Mushenge. Mwanaume anafuma kitambaa cha rafia, mwanamuke anakishona na kukikata nyuzi mpaka kinakuwa laini sawa vile manyoya. Wazungu wakakiita «velours ya Kasai». Mistari ya pale inavunjika, inapindana, inapita chini ya mwingine na kutokea tena. Mwanamuke hachore kwanza ku karatasi. Muchoro wote uko mu kichwa.

Katika mwaka wa 1971, mutaalamu wa hesabu Donald Crowe alichapisha uchunguzi juu ya michoro ya Bakuba. Hesabu inasema kuko namna 7 tu za kurudilia muchoro katika ukanda mumoja mwembamba, na namna 17 tu za kuurudilia ili kufunika uso wote wa kitambaa. Crowe alikuta kwa Bakuba zile 7 zote, na 12 kati ya zile 17. Wanamuke ambao hawakuwahi kukaa ku banki ya shule walikuwa wamepata kwa sindano mambo ambayo chuo kikuu kinafundisha kwa ubao na chaki.

Na michoro ile iko na majina. Jina njo linageuza muchoro kuwa neno. Mufalme mupya aliposimikwa, ilikuwa desturi apate muchoro wake, na muchoro ule ulibaki na jina lake. Kuko habari inayosimuliwa sana: wamisionere walileta pikipiki ku mufalme wa Bakuba katika miaka ya 1920, wakidhani atashangaa. Mashine haikumushangaza. Alichopenda ni alama ambazo mipira iliacha mu muchanga. Aliamuru zinakiliwe, na zikawa muchoro wenye jina lake. Wageni waliona mashine, mufalme aliona mistari.

Wafalme wao walichongwa pia katika sanamu zinazoitwa ndop. Sura zote zinafanana: mufalme amekaa, miguu imekunjwa, macho yametulia. Kinachotofautisha mumoja na mwingine ni alama iliyo mbele yake. Mufalme Shyaam, wa karne ya 17, anajulikana kwa kibao cha muchezo wa kete kilicho mbele ya magoti yake. Ukiondoa alama ile, hujue tena ni nani. Sanamu hiyo iko London, tangu safari ya Emil Torday ya miaka ya 1907 mpaka 1909.

Muchoraji mukubwa wa Ufaransa, Henri Matisse, alikuwa na vitambaa vya Bakuba ku ukuta wa fasi yake ya kazi. Aliona ndani yake somo. Basi ni haya kwetu kama mutoto wa Kasai ao wa Katanga anajifunza jina la Matisse darasani, na hajue jina la muchoro hata mumoja wa nkambo yake mwanamuke.

6. VITU VIKO WAPI, NA WASOMAJI WAKO WAPI?

Sasa turudie neno tulilosema mwanzoni: maandiko haya yanaomba musomaji.

Watu wengi wanazungumuza juu ya vitu vilivyopelekwa Ulaya, na ni haki yao. Wakati wa ukoloni, vitu maelfu na maelfu vilienda Tervuren na fasi zingine. Kati ya mwaka wa 1976 na 1982 vitu 114 vya Tervuren vilirudishwa ku Taasisi ya Myuze za Taifa, iliyoanzishwa mwaka wa 1970. Katika fujo za miaka ya 1990 vitu vingi vya myuze vikaibiwa. Mwaka wa 2019 Kinshasa ikapata Myuze mupya ya Taifa, na mwezi wa 6 mwaka wa 2022 mufalme Philippe wa Ubelgiji alileta pale maske kubwa ya Basuku, Kakuungu, si kama zawadi, lakini kama kitu cha kuazimwa bila tarehe ya mwisho. Mambo haya ni makubwa na inaomba yaendelee.

Lakini tujiulize wenyewe: kitu kikirudia leo, nani atakisoma? Lukasa bila mwana wa Mbudye ni kibao chenye shanga. Kitambaa bila jina la muchoro ni pazia. Sona ni mbaya zaidi, kwa sababu haikutunzwa ku muti wala ku kitambaa. Muzee alipomaliza kusimulia, alifuta muchanga. Zile tunazojua leo tunazijua kwa sababu watu wachache walikaa chini pamoja na wazee na kunakili. Zile ambazo hakuna mutu aliuliza, zimeenda. Hakuna serikali ya Ulaya inaweza kuturudishia zile. Deni lile ni letu.

Na mutu asiseme kwamba kazi hii ni ya wazee wa pori tu. Hapa Lubumbashi, katika miaka ya 1970, wachoraji wa muji walikuwa wanauzisha michoro mu nyumba za watu, na watu wenyewe waliita kazi ile «ukumbusho». Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya inchi yetu, toka wankambo mpaka wakati wake, karibu michoro 100, na alieleza kila mumoja kwa Kiswahili chetu mbele ya mutaalamu Johannes Fabian katika mwaka wa 1973 na 1974. Hakuchora kwa kupamba ukuta. Alichora kusudi watu wasisahau, na alijua kwamba picha inaomba kinywa cha kuieleza. Alifanya kazi ya bana balute, kwa rangi za duka na kitambaa cha mufuko.

7. TUFANYE NINI?

Mwalimu hawezi kumaliza somo bila kutoa kazi ya nyumbani. Hii hapa.

Kwa walimu wenzangu: somo la mustari na umbo lianzie ku vitu vilivyo karibu. Kitunga, mukeka, chungu, kitambaa cha rafia, kiti cha muzee: vyote viko na nukta, mustari, umbo na nafasi. Wagiriki na Waitalia tuwafundishe vilevile, wako na mambo yao mazuri. Lakini waje kama wageni katika nyumba ambamo mwenyeji amekwisha kusalimiwa.

Kwa wanafunzi: mwende kwa nkambo, mwanamuke ao mwanaume, na daftari na kalamu ya karatasi. Mukute muchoro mumoja, ku mukeka, ku kitunga, ku chungu ao ku chanjo ya mwili. Muuchore namna ulivyo. Chini yake mwandike mambo 5: jina la muchoro kwa lugha ya nyumbani, maana yake, nani alikuwa na ruhusa ya kuutumia, nani alimufundisha nkambo, na fasi ulitoka. Kama nkambo ametaja majina mawili, mwandike yote mawili. Kama anasema amesahau, muulize jirani yake.

Kwa wazazi na kwa wandugu wa makanisa: vitu vya zamani si vyote vya uchawi. Kuko vyungu na viti vimechomwa moto ambavyo kosa lao lilikuwa kuwa na mistari tu. Mbele ya kuchoma, tuulize kwanza kitu kilikuwa cha kazi gani.

Na kwa yule mwanafunzi aliyesema bankambo abakuyua kuandika, jibu ni hili. Waliandika ku mufupa, ku jiwe, ku muchanga, ku shaba, ku kitambaa na ku ngozi ya mwili. Hawakutumia herufi za a, b, c. Walitumia vitu vile vile ambavyo kitabu chako cha kuchora kinaita musingi. Kazi inayobaki ni ya kusoma, na siku za kujifunza kusoma zinapungua, kwa sababu wenye kutufundisha wanazeeka. Daftari inauzwa bei kidogo. Nkambo anangojea mulangoni. Mwende wiki hii.